Usinunue kilomita, nunua gari

Kwa mfanyabiashara wa Palma, Mocímboa da Praia au Mtwara anayetafuta gari lililotumika, namba inayosomeka kwenye dashibodi ndiyo shahidi rahisi kuliko wote kununuliwa

PALMA, Cabo Delgado

Swali la kwanza la mnunuzi wa gari katika mwambao kati ya Mtwara na Mocímboa da Praia ni bei. La pili ni: limetembea kilomita ngapi? Muuzaji anawasha swichi, dashibodi inawaka, jibu linatoka: 68,000, au 74,000, au 81,000. Mnunuzi anatikisa kichwa kuridhika, na mazungumzo yanarudi kwenye bei.

Kwa mwenye duka la Palma anayefuata unga, sabuni na vitunguu Mtwara, au mama anayepeleka samaki wakavu bara, gari ni mtaji wenyewe. Fedha yake imetoka kwenye upatu, kwenye mauzo ya ufuta ya msimu mzima, au kwa ndugu wawili watatu waliochangiana. Gari likifa miezi mitatu baada ya kununuliwa, biashara nayo inasimama, na deni linabaki.

Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu huanza ukaguzi mbali na dashibodi. Namba ile huhesabu umbali tu, tena kama haijaguswa. Haihesabu saa ambazo injini ilinguruma gari likiwa limesimama, wala chumvi, wala mchanga, wala tani zilizobebwa. Kwenye pwani hii, hayo manne ndiyo yanayoua gari.

Namba inavyochezewa

Magari ya zamani yana namba zinazozunguka kwenye vigurudumu vidogo. Yakichezewa, mara nyingine namba hazikai mstari mmoja: moja imepanda kidogo, nyingine imeshuka. Magari ya baadaye yana namba za kielektroniki. Hizo hubadilishwa kwa mashine ndogo ya kompyuta, au kwa kung'oa dashibodi nzima na kuweka nyingine iliyotoka kwenye gari lililogongwa. Kazi ikifanywa vizuri, jicho haliwezi kuona kitu.

Kinachobaki ni hesabu. Gari la familia nchini Japani kwa kawaida hutembea kilomita 8,000 hadi 10,000 kwa mwaka. Gari la mwaka 2006 lililosafirishwa mwaka 2018 lina miaka 12 ya barabara za huko, kwa hiyo namba inayotarajiwa ni kati ya 96,000 na 120,000. Likisoma 61,000 si lazima iwe uongo. Wapo wazee wa Japani wanaotumia gari kwenda sokoni tu. Lakini hapo muuzaji ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha, wala si mnunuzi.

Kisha iongezwe miaka ya huku. Chapa, kama daladala inavyoitwa Msumbiji, ikienda na kurudi mara moja kwa siku kati ya Mocímboa da Praia na Palma, umbali wa kama kilomita 80 kila upande, inatembea kilomita 160. Kwa siku 25 za kazi ni 4,000 kwa mwezi na 48,000 kwa mwaka. Miaka mitatu ni 144,000. Gari lililofika na 90,000 linapaswa kusoma 234,000. Likisoma 98,000, kuna mtu amefanya hesabu nyingine.

Kwa magari yaliyopitia Tanzania, rangi ya namba nayo inasema. Gari la binafsi hubeba kibao cha njano, na la biashara kibao cheupe. Muuzaji anayesema gari lilikuwa la mwalimu wa shule, huku kadi inaonyesha liliandikishwa kama gari la abiria, ameshajibu swali ambalo hakuulizwa. Na wale wanaonunua kwa kuangalia herufi, kwamba hili ni namba D na lile ni namba E, wakumbuke kuwa herufi hueleza gari liliandikishwa lini Tanzania. Haielezi lilitengenezwa lini.

Karatasi ya Japani

Mali bila daftari huisha bila habari, na gari lina daftari lake. Gari lililoagizwa kutoka Japani huja na cheti cha kusafirishwa nje, kinachotolewa baada ya usajili wa kule kufutwa. Kwenye cheti hicho huandikwa namba ya chesisi, mwezi na mwaka wa kuandikishwa kwa mara ya kwanza, na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali. Japani hukagua gari la binafsi miaka mitatu baada ya kuandikishwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo kilomita hizo ziliandikwa na mtu asiyekuwa na gari la kuuza.

Kanuni ni moja: namba ya dashibodi haiwezi kuwa ndogo kuliko ya cheti. Cheti kikisema 112,000 na dashibodi ikasema 79,000, hakuna la kujadili.

Baadhi ya vyeti huandika mwaka kwa kalenda ya Kijapani. Ukiona Heisei, ongeza 1988: Heisei 20 ni mwaka 2008. Ukiona Reiwa, ongeza 2018: Reiwa 1 ni mwaka 2019.

Magari mengi hupita kwanza mnadani, na mnada huandika karatasi ya hali ya gari kwa alama. Alama 4 au 4.5 ni gari zuri kwa matumizi ya kawaida, na 3.5 lina mikwaruzo na uchakavu unaoonekana. Herufi R humaanisha gari lilipata ajali iliyogusa fremu likatengenezwa. Zipo huduma za kulipia kwenye intaneti zinazotafuta karatasi hiyo kwa namba ya chesisi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya gari.

Chini ya boneti au pembeni mwa mlango wa dereva mara nyingi hubaki stika za gereji za Japani. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka. Stika ya oili huonyesha kilomita za kumwaga oili mara ijayo. Stika ya mkanda wa taimingi huwekwa mkanda unapobadilishwa, na kwa magari mengi kazi hiyo hufanywa karibu na kilomita 100,000. Gari linalosoma 70,000 lenye stika ya 100,000 limejishitaki lenyewe.

Gari lililokuja kutoka kusini, kupitia Maputo au Afrika Kusini, huenda lisiwe na karatasi hizo. Lake ni kitabu cha sevisi. Kitabu chenye mihuri ya gereji tofauti, wino tofauti na tarehe zinazofuatana ni mali. Kitabu chenye mihuri mitano ya wino mmoja na mwandiko mmoja ni karatasi tu.

Mahali mguu na mkono ulipogusa

Karatasi zikikosekana, uchakavu haukosekani. Raba ya pedeli ya breki kwenye gari lenye kilomita 60,000 bado ina mistari yake. Ikiwa laini kama kiganja, gari limekanyagwa sana. Ikiwa mpya kabisa kwenye gari la miaka 15, aulizwe aliyebadilisha alibadilisha kwa nini.

Usukani uvuliwe kava. Kiti cha dereva kiangaliwe upande wa mlangoni, pale mtu anapopandia na kushukia, na kava la kiti liinuliwe. Kishikio cha giya, swichi za vioo na tundu la ufunguo navyo vitazamwe. Vyote hivyo vinapaswa kuzeeka pamoja na namba. Kimoja kikiwa kipya na vingine vimechoka, kuna sababu.

Tairi zina tarehe. Tarakimu nne ndani ya duara la yai ubavuni ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zenye kashata nzuri lakini zenye umri mkubwa hupasuka, hasa gari likiwa na mzigo juani. Vioo navyo vina chapa ya mtengenezaji kwenye kona. Kioo kimoja chenye chapa tofauti na vingine kinaonyesha kuwa kiliwahi kuvunjika. Huenda ni jiwe, huenda ni gari kupinduka.

Rangi ipimwe kwa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Penye bati sumaku hunata, na penye plasta nene chini ya rangi huachia. Nafasi kati ya boneti na mabawa ya mbele ilingane kushoto na kulia. Boliti za bawaba za boneti zenye alama za spana zinasema boneti iliwahi kufunguliwa yote.

Chumvi, samaki na maji ya mafuriko

Kufikia hapo, ukaguzi wa Dar es Salaam na wa Palma unafanana. Kinachofuata ni cha pwani hii.

Kivuko cha Kilambo na Namoto, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, kwa miaka mingi kimetegemea kina cha maji, na magari yamekuwa yakipita kwenye tope na maji yenye chumvi. Njia nyingine ni Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010 kati ya Mtambaswala na Negomano. Huko hakuna chumvi, lakini barabara ya kutoka Negomano kwenda Mueda kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo, na barabara ya namna hiyo hula bushi, shokapu na boljointi.

Pikapu ya pwani ichunguzwe kwa kulala chini yake. Pikapu iliyobeba samaki wabichi na barafu hudondosha maji ya chumvi kwenye chesisi safari nzima. Bodi inaweza kung'aa kwa rangi mpya huku chesisi chini ya kitanda cha mzigo inabanduka kama maganda ya korosho. Bisibisi itumike kugonga: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu au hutoboka. Patazamwe zaidi pale springi zinaposhikana na chesisi, mabomba ya breki, sehemu ya chini ya milango, na kiti cha betri. Chesisi iliyopakwa lami nyeusi mbichi juzi tu ni ya kutiliwa shaka kuliko yenye kutu kidogo inayoonekana.

Mafuriko ni jambo la pili. Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado Aprili 25, 2019, na mvua zake zikaifurika Pemba. Kimbunga Chido kilifuata Desemba 15, 2024. Gari lililozama linaweza kuoshwa, kukaushwa na kuuzwa mbali na pale lilipozama, likatembea vizuri kwa wiki kadhaa kabla ya nyaya kuanza kuoza.

Dalili zake hujificha pale muoshaji asipofika. Mkanda wa usalama uvutwe hadi mwisho, maana tope huacha mstari kwenye sehemu inayokaa ndani. Reli za viti zitazamwe kama zina kutu, zulia linuswe, na shimo la tairi ya akiba lipapaswe kama lina mchanga. Ukungu ndani ya taa za mbele zote mbili ni neno la mwisho.

Gari lililolala, na lililonguruma limesimama

Mapigano yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Mji ulitekwa Agosti 2020 na kukombolewa Agosti 2021. Palma ilishambuliwa Machi 24, 2021. Watu walikimbia, na magari yaliyonusurika mengine yalikaa miaka bila kuwashwa.

Gari la namna hiyo linaweza kuwa na kilomita chache za kweli na bado likawa baya. Likilala miaka miwili, mafuta kwenye tangi hugeuka gundi, sili hukauka, breki hushika kutu, panya hutafuna nyaya. Mnunuzi aliyefurahia 55,000 halisi anajikuta anabadilisha pampu ya mafuta, rejeta, breki zote na tairi tano. Kwa hiyo swali lisiishie kwenye kilomita ngapi. Liendelee: lilisimama lini, wapi, na kwa muda gani?

Kinyume chake ni gari lililofanya kazi bila kusogea. Pikapu za makandarasi na mashirika, na magari yanayosubiri misafara ya kusindikizwa na askari, hunguruma kwa saa nyingi kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Saa moja ya kunguruma haiongezi hata kilomita moja, lakini oili inachoka na injini inachoka.

Hata hivyo magari ya mashirika yasidharauliwe. Mengi huuzwa kwa mnada yakiwa na kilomita nyingi, laki mbili na zaidi, lakini yakiwa na daftari kamili la sevisi. Mafundi wengi wangechagua gari la 220,000 lililomwagwa oili kwa wakati kuliko la 80,000 lisilojulikana limelelewa na nani.

Kabla ya kuwasha

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyelichemsha gari kabla mnunuzi hajafika huenda anaficha jinsi linavyowaka asubuhi. Boneti iguswe kwanza. Ikiwa ya moto na jua halijapanda, mnunuzi aombe kurudi kesho.

Kijiti cha oili kichomolewe. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake, na hiyo ni gasketi ya silinda hedi au zaidi ya hapo. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe gari likiwa baridi tu. Maji mekundu ya kutu yanasema rejeta imejazwa maji ya kisima kwa miaka.

Swichi ikifunguliwa, taa ya injini na ya oili lazima ziwake, kisha zizimike injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa huenda imeondolewa ili isiseme ukweli. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto ni maji. Moshi mweusi kwenye dizeli inapokanyagwa ni kazi ya nozeli, pampu au hewa.

Kisha gari liendeshwe, na aliyeshika usukani awe mnunuzi au fundi wake. Likatwe kona hadi mwisho kushoto na kulia, kwani kelele ya kokoto ni jointi za magurudumu ya mbele. Lifungwe breki kwenye barabara tupu kuona kama linavuta upande mmoja. Kama lina giya ya nne kwa nne, iingizwe mchangani, maana wapo wanaouza magari ambayo giya hiyo ilishakufa na kishikio kimebaki kama pambo.

Gari la nani?

Uchakavu hutengenezeka. Karatasi mbovu hazitengenezeki kwa spana.

Katika shambulio la Palma magari mengi yaliachwa, yalichomwa au kuporwa. Wapo pia watu waliopoteza nyaraka halali wakati wa kukimbia. Kwa hiyo maneno kwamba karatasi ziliungua vitani yanaweza kuwa kweli, na yanaweza kuwa kifuniko cha gari la mtu mwingine. Mnunuzi hana haja ya kuamua nani mkweli. Amwombe muuzaji apate kwanza nakala mpya, segunda via, ya livrete na ya título de propriedade kwa jina lake, ndipo wazungumze bei. Mwenye gari lake atakwenda kuomba. Asiye wake ataondoka.

Namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibao tu, na ilinganishwe na karatasi herufi kwa herufi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ndefu ya tarakimu 17. Yana namba fupi inayoanza na aina ya gari. Chuma kilichosuguliwa au kuchomelewa kuzunguka namba hiyo kinatosha kuvunja biashara.

Jambo la mwisho ni mpaka. Gari lenye namba za Tanzania lililoingia Msumbiji kwa kibali cha muda halijawa gari la Msumbiji. Kulinunua Palma bila kulilipia ushuru forodhani ni kununua kesi, kwa kuwa siku ya ukaguzi barabarani anayeulizwa ni aliyeshika usukani. Na mfanyabiashara asitegemee nafuu ya SADC hapo. Nafuu ya ushuru ya jumuiya ni ya bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Gari lililotengenezwa Japani haligeuki la kanda kwa sababu limelala Dar es Salaam miaka mitano. Ushuru ujulikane kabla ya bei kukubaliwa, kwa kuuliza forodhani kwenyewe, kisha ujumlishwe kwenye bei ya gari.

Utaratibu wa malipo

Mafundi na wafanyabiashara waliokwisha kuuziwa mbuzi kwenye gunia hufuata mpangilio ule ule. Kwanza karatasi, kwa sababu kuzisoma hakugharimu kitu. Pili ukaguzi wa mnunuzi mwenyewe: pedeli, mkanda, chesisi, tairi. Tatu fundi, na awe fundi aliyeletwa na kulipwa na mnunuzi, asiye na ujamaa na muuzaji wala dalali. Nne orodha ya matengenezo yenye bei, inayopunguzwa kwenye bei ya gari. Tano mkataba wa maandishi wenye namba ya chesisi, namba ya injini, kilomita zilizosomwa siku hiyo na majina ya mashahidi. Fedha ni ya mwisho, na isitumwe kwa simu kama amana ya gari ambalo halijaonekana kwa macho.

Kilomita ziandikwe kwenye mkataba hata kama hazikuaminiwa. Muuzaji anayesita kuweka sahihi chini ya namba aliyokuwa akiisifu dakika kumi zilizopita amempa mnunuzi jibu, na mnunuzi bado ana fedha yake mfukoni.